Sura ya Saba: Umeme Kutoka Ujiji

Folda iliyoandikwa NTALIKWA ilikuwa mahali pake, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Inspekta Eustadia Raymundi alimwomba fundi aifunge na kuifungua tena. Fundi Doto akaifunga, akaifungua. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe.

"Hata ukiniamuru niifungue mara mia, afande, haitazaa," Doto alisema.

"Ifungue mara ya tatu, niandike kwamba tulijaribu mara tatu."

Walikuwa katika duka la Doto la kutengeneza kompyuta, karibu na stesheni ya reli ya Tabora, saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa. Diski waliyokuwa wakiipekua haikuwa pale dukani. Ilikuwa Gongoni, nyumbani kwa marehemu Mzee Majidi Selemani, mpima ardhi wa kujitegemea, imechomekwa kwenye ruta juu ya kabati la vyombo. Doto ndiye aliyeifunga pale juu, miaka miwili nyuma. Yeyote aliyejua neno la siri aliweza kuifungua kupitia intaneti akiwa popote, na kwa wiki hizi Doto mwenyewe hakuwa na njia nyingine. Bi Swaumu, mjane wa Mzee Majidi, alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye ndugu hakuingia alikokaa. Alikuwa ametoa ruhusa ya maandishi diski ikaguliwe. Karatasi ya ruhusa ilikuwa ndani ya jalada la Eustadia.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mkulima wa Ntalikwa, Dionis Xavery, alikuwa na shauri katika baraza la ardhi dhidi ya jirani yake Sadiki, mfanyabiashara wa mjini na mpwa wa marehemu. Waligombea ukanda wa shamba wenye upana wa hatua arobaini, na ndani ya ukanda huo kulikuwa na kisima pekee cha Dionis. Siku mbili kabla ya kufariki, Mzee Majidi alimpigia Dionis simu. Alimwambia kwamba anazo karatasi tatu za kumaliza ugomvi wao, amekwisha kuziskani na kuziweka kwenye diski. Karatasi zenyewe hazikuwepo tena. Mchwa walikuwa wamemlia Mzee Majidi ramani za miaka ishirini, na tangu hapo kila karatasi aliyoiskani aliichoma siku hiyohiyo. Alisema diski haina utamu kwa mchwa.

Shauri lingesikilizwa Jumatatu. Bila karatasi hizo, Dionis alikuwa anapoteza kisima.

"Sasa nionyeshe aliyeingia," Eustadia alisema.

Doto akafungua orodha ya matukio, ambamo mashine ile iliandika kila ilichofanyiwa. Eustadia akatoa kalamu na kunakili mstari kwa mstari. Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne na dakika mbili asubuhi, mtu aliingia kutoka nje ya nyumba. Akaifungua folda ya Ntalikwa, akaanza kunakili ukurasa wa kwanza. Nakala ilikamilika saa nne na dakika kumi. Dakika mbili baadaye mashine ilizimika ghafla. Ikawaka tena saa nne na dakika thelathini na tatu. Saa nne na dakika arobaini na saba folda ikafutwa yote, na dakika mbili baada ya hapo kapu la taka nalo likamwagwa.

"Huwezi kuyarudisha?"

"Nimehangaika nayo tangu nilipofungua duka. Nimeambulia majina. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu. Mzee hakuwa mtu wa kupamba majina."

"Mtumiaji aliyeingia ni nani?"

"Imeandikwa 'mzee'."

"Mzee alikuwa kaburini wiki mbili."

"Wote ni mzee, afande." Doto akajikuna shingo. "Nilitaka kumpa kila mtu jina lake na paswedi yake. Akanifokea. Akasema nyumba yake haina milango mitatu, na hawezi kumpa mwanawe ufunguo wa pembeni kama mpangaji. Basi, paswedi ikawa moja."

"Walioijua?"

"Marehemu. Mimi. Sadiki, maana hati zake alizihifadhi humo. Na Shamimu, binti wa mzee, yule mwalimu wa Ujiji."

"Aliingia akiwa wapi?"

"Ni mtandao wa simu, zaidi ya hapo siwezi kusema. Anaweza kuwa Gongoni, anaweza kuwa Ujiji. Njia ya Ujiji wapagazi wa zamani waliitembea wiki nzima na zaidi, afande. Faili linafika hujamaliza kupiga chafya."

"Na wewe Alhamisi saa nne ulikuwa wapi?"

"Loo! Na mimi nimo?"

"Umo."

"Nilikuwa hapa, nimeinamia printa ya shule, mwalimu mkuu kanisimamia kichwani kama mwangalizi wa mtihani. Kamuulize. Na umkumbushe kwamba hajaja kuichukua."

Eustadia alimpigia mwalimu mkuu huyo akiwa palepale kwenye kiti. Jibu lilikuwa kama Doto alivyosema. Kisha akampigia mkuu wa shule ya Shamimu kule Ujiji, naye alieleza kwamba Alhamisi hiyo alifundisha mfululizo kuanzia saa mbili hadi saa sita, simu za walimu zikiwa ofisini, akaondoka kwenda nyumbani saa sita na nusu. Eustadia akapiga mstari juu ya jina la Doto, kisha juu ya jina la Shamimu. Akabaki na jina moja.

*

Sadiki aliuza vipuri vya baiskeli Gongoni, mitaa miwili kutoka nyumba ya mjomba wake. Alimkaribisha Inspekta kwa kumfutia kiti kwa kanga ya dukani, kisha hakuketi yeye.

"Alhamisi saa nne na nusu? Nilikuwa hapahapa."

"Na nani?"

"Na baiskeli."

"Sadiki."

"Asubuhi wateja hakuna, Inspekta. Unataka nikutungie shahidi? Nitakutungia, lakini si utaniuliza jina lake?"

"Simu yako ina intaneti?"

"Ya nani siku hizi haina?" Akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya meza. "Naijua paswedi, sikatai. Hati za duka langu zimo mle. Lakini Ntalikwa sikuigusa. Niiguse ya nini? Shamba nimelinunua na mpaka wake, na aliyeupima ni mjomba mwenyewe. Kama mjomba aliandika chochote, kinanitetea mimi."

"Kwa hiyo ungependa kurasa hizo zionekane Jumatatu."

Sadiki alirudisha simu mfukoni. "Ningependa Dionis aache kuniita mwizi kwenye vilabu vya pombe," alisema. "Hilo ndilo ningelipenda."

Eustadia aliandika kwamba mshukiwa hana shahidi, ana neno la siri, na ana sababu. Akaandika vilevile kwamba hakuombwa simu, aliitoa mwenyewe. Zilibaki dakika ishirini na moja ambazo mashine ilizimika, na hizo hazikuwa na maelezo. Kama kuna mkono ulioichomoa, mkono huo ulikuwa ndani ya nyumba. Akaenda kwa mjane.

*

Bi Swaumu alikaa juu ya mkeka, amevaa nguo nyeupe, mgongo wake umeegemea kitanda. Ndugu wa kike aliyekuwa akimhudumia aliinua pazia, akampitisha Inspekta, akarudi jikoni.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja tena na hilo daftari lako."

"Nimekuja nalo. Poleni bado."

"Tunashukuru Mungu."

"Mama, ile mashine ya mzee. Alhamisi ya wiki iliyopita kuna mtu aliichomoa?"

"Aichomoe nani? Mzee alisema ile taa ya kijani isizimwe kamwe. Hata vumbi nalifuta kwa pembeni, naogopa. Siku hiyo umeme ndio uliisha kwenye mita. Feni likasimama. Nikasema haya, leo tutaiva."

"Unakumbuka ilikuwa asubuhi?"

"Asubuhi wapi! Nilikuwa ninaswali adhuhuri. Nimetoa salamu tu, feni kimya."

Kalamu ya Eustadia ilisimama. "Una hakika ni adhuhuri?"

"Mwanangu, mimi siku hizi sina kazi nyingine. Nakaa hapa na swala tano. Nikosee ipi?"

"Kisha ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Kutoka sitoki. Nikachukua upepeo wa ukili nikajipepea. Baada ya muda simu ikalia, Shamimu amenitumia zile namba za umeme alioninunulia kwa simu. Nikampa huyu dada yangu, akazibonyeza kwenye mita, ukawaka."

"Ulikuwa umempigia kumwambia?"

"Hata. Nilishangaa mwenyewe." Kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wa Bi Swaumu ulikaribia kutabasamu. "Nikasema, mtoto wa kike bwana. Yuko Ujiji na anajua mama yake anaona joto."

"Dada yako je? Alimpigia?"

Bi Swaumu akamwita. Dada akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema yeye namba ya Shamimu hata hana.

Eustadia aliomba kuiona simu. Ujumbe bado ulikuwepo: tarakimu ishirini za umeme, na juu yake saa uliyoingia, saa saba na nusu mchana. Akaunakili wote. Diski ilisema iliwaka saa nne na dakika thelathini na tatu asubuhi. Akatoa dakika tatu za kubonyeza namba kwenye mita. Zilibaki saa tatu kamili.

Alitoka nje barazani, akampigia Doto.

"Ingia kwenye ile diski. Niambie yenyewe inadhani sasa ni saa ngapi."

Alisikia Doto akibonyeza. "Inasema saa mbili kasorobo."

"Saa yangu inasema saa tano kasorobo."

"Afande," Doto alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka, "ilikuja na saa ya Greenwich, kule Uingereza. Ilitakiwa niisogeze siku ile niliyoifunga. Mzee alikuwa ameandaa chakula, tukala, tukazungumza... nikasahau. Nimemponza mtu?"

"Karibu umponze. Andika maelezo hayo kwa mkono wako, nitayapitia jioni."

Simu iliyofuata ilikwenda kwa Dionis, ambaye aliipokea akiwa shambani. Eustadia alimuuliza alikuwa wapi Alhamisi ile, saa saba na dakika arobaini na saba mchana.

"Kwenye baraza la ardhi, mama. Siku ya kusoma madai. Tuliingia saa saba, tukatoka saa tisa."

"Na Sadiki?"

"Mbele yangu, ananikazia macho."

"Aliweza kutumia simu?"

Ilikuwa dhahiri kwamba jibu hakulipenda. "Hapana," alisema. "Simu zote zinakaa kwenye beseni la mlinzi, mlangoni. Yake ilikuwa juu ya yangu."

Eustadia alikaa kwenye kibaraza na kulifungua daftari lake hadi ukurasa wa asubuhi. Mistari aliyopiga juu ya majina mawili ilikuwa imepigwa kwa saa isiyo sahihi, lakini Doto hakutuma umeme. Shamimu alitoka shuleni saa sita na nusu. Aliyeingia kwenye diski aliingia, kwa saa za kweli, saa saba na dakika mbili. Mtu aliyekuwa Ujiji hakuwa na njia ya kujua kwamba umeme umekatika ndani ya nyumba ya Gongoni, isipokuwa kama alikuwa ameishika diski ya nyumba hiyo kwenye simu yake, na ikamponyoka.

Alimpigia kupitia ofisi ya shule.

"Mwalimu Shamimu, naomba ufike Tabora kesho."

"Mama ana nini?"

"Mama hajambo. Ni habari ya umeme uliomtumia."

"Nitakuja," Shamimu alisema.

*

Alifika Jumamosi baada ya adhuhuri, vumbi la barabara likiwa bado kwenye ushungi wake. Aliomba wazungumzie barazani. Eustadia alikuwa tayari kukubali, lakini sauti ya Bi Swaumu ilitoka nyuma ya pazia.

"Kama ni jambo la nyumba hii, lisemwe humu. Mimi siwezi kulifuata huko nje."

Wakaingia. Shamimu akambusu mama yake mkono, akaketi pembeni ya mkeka. Eustadia alimweleza haki zake, polepole, kama sheria inavyotaka, kisha akauliza swali moja.

"Ulijuaje kwamba umeme wa mama yako umeisha?"

Shamimu alimtazama mama yake, na mama yake alimtazama yeye kwa uso wa mtu anayesubiri jibu jepesi.

"Nilikuwa ndani ya diski," alisema. "Ikapotea."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Picha. Nilitaka picha ya baba, ile aliyopiga na darubini yake ya kupimia. Nikaiona folda ya Ntalikwa. Nilijua kuna kesi, nikaifungua." Akakunja ncha ya ushungi. "Intaneti ilikuwa nzito. Ukurasa wa kwanza ulichukua dakika nane. Ni ramani, na chini yake mwandiko wa baba: 'Mpaka ulioko leo si halali. Mimi Majidi ndiye niliyeusogeza, hatua arobaini, kuingia kwa Dionis.' Nikagusa ukurasa wa pili. Ndipo ikapotea."

"Ukasubiri."

"Nikasubiri. Nikaitafuta ruta mtandaoni, haipo. Nikajua ni mita." Akaanza upya. "Afande, siku tuliyomzika, mume wangu alinisimulia. Pale makaburini waliulizwa, mnamshuhudia vipi huyu? Watu wote wakajibu ni mtu mwema. Wote, hata wale aliogombana nao. Na mimi nimeshika mwandiko wake unaosema alimsogezea maskini mpaka. Nikasema wale watu watajiona walidanganywa juu ya kaburi lake. Nikanunua umeme."

"Ili ukafute."

"Ili nikafute."

"Umeme uliporudi, mwalimu, kurasa mbili zilikuwa bado zipo. Ungeweza kuzisoma."

"Niliogopa," Shamimu alisema. "Nilidhani zitakuwa mbaya zaidi."

Bi Swaumu alikuwa amenyoosha mkono kumshika bintiye goti. Mkono ulibaki hewani.

"Umeyafuta yale maneno?" aliuliza. "Ya samahani?"

Hakuna aliyeelewa. Eustadia ndiye aliyeuliza.

"Maneno gani, mama?"

"Mzee aliandika siku tatu. Jioni ya mwisho alinisomea yote, alitaka ajue kama mtu asiye mpimaji ataelewa. Ile ya kwanza ni hiyo, kwamba alisogeza. Ya pili anaeleza ilivyokuwa. Mpaka wa zamani ulianzia kwenye kichuguu. Alipokwenda kupima, kile kichuguu kilikuwa kimeshachimbwa, watu wamefyatulia matofali, pamebaki shimo na majani. Yeye akakiona kingine mbele, akadhani ndicho. Akapimia pale. Mwaka huu amekwenda Ntalikwa kwa shughuli nyingine, bibi mmoja akamwonyesha lile shimo. Alirudi hapa hakula." Alizungumza akitazama mkeka. "Ya tatu ni barua. Anamwomba Dionis radhi, na anawaomba baraza warudishe mpaka, gharama ni zake."

Shamimu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulinitumia umeme."

Eustadia aliandika maelezo ya Bi Swaumu neno kwa neno, akamsomea, akaweka saini yake chini ya saini ya mjane. Ilichukua nusu saa na hakuna aliyeomba chai. Kisha alimgeukia Shamimu.

"Kuharibu ushahidi wa shauri ni kosa. Nitalipeleka kama lilivyo, na mwendesha mashtaka ataamua. Hilo halingojei. Sasa nijibu: ule ukurasa wa kwanza ulioukamilisha, uko wapi?"

"Kwenye simu."

"Hukuufuta?"

"Nilijaribu. Ni mwandiko wake."

"Ninaweza kuichukua simu yako kwa amri. Kuifungua bila wewe kutanichukua wiki kadhaa, na baraza linaketi keshokutwa."

Shamimu aliigusa pochi yake. "Ukisomwa huo peke yake, Dionis anapata kisima?"

"Nadhani anapata. Ni ramani yenye saini ya mpimaji mwenyewe."

"Na baba?"

Eustadia alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na angeweza kuzunguka swali hilo kwa njia nyingi. "Baba yako atasomeka kama mtu aliyejua anachofanya," alisema. "Maneno ya mama yako nitayapeleka, nayo yatasomwa. Lakini wajumbe watakuwa wameshika karatasi moja mkononi, na karatasi hiyo inasema 'mimi ndiye niliyeusogeza'. Haisemi kwa nini. Iliyosema kwa nini haipo."

"Nitakwenda mwenyewe Jumatatu. Nitawaambia niliifuta mimi."

"Watakuuliza kama uliisoma."

Shamimu alitikisa kichwa. Alitoa simu kwenye pochi, akaifungua kwa kidole gumba, akautafuta ukurasa.

"Andika kwamba nimeutoa kwa hiari yangu," alisema.

"Nitaandika."

"Nipe kwanza mimi," Bi Swaumu alisema.

Shamimu alimpa. Bi Swaumu aliishika simu mbali na macho, kisha karibu, na mwishowe bintiye akamkuzia maandishi. Mjane alifuata mstari kwa ukucha bila kuugusa, kutoka neno la kwanza hadi jina la mumewe.

"Hapa alikohoa," alisema. "Ona, mkono umeteleza. Nikamwambia pumzika, utamalizia kesho. Akasema hapana."

Aliutazama kidogo zaidi. Kisha akainyoosha simu kwa Inspekta, kwa mikono miwili.